Si Kitu, Baba

Miaka thelathini na moja baba alisaga mahindi ya Kibaigwa,
mtama wa Mlali, uwele wa yeyote aliyefika na debe lake.
Mashine ya dizeli ikinguruma kibandani,
mkanda ukichapa, ukuta ukitetemeka,
naye akirudi jioni mweupe kope hadi unyayo,
akiongea kama mtu aliye ng'ambo ya korongo.

Tulidhani ndivyo akina baba wanavyoongea.

Kwanza ziliondoka sauti nyembamba:
vifaranga, kijiko kikombeni, mbu, wajukuu.
Kisha maneno yakaanza kuvaana nguo.
Tulimwambia fundi amekuja;
akachukua kamba, akatoka kumtafuta punda.
Tulicheka. Mama Ndahani alicheka mpaka akashika ukuta.
Baba naye akacheka, nyuma yetu kidogo,
kama mgeni katika utani wa ukoo usio wake.

Na mimi, Mwaja, kitinda mimba,
ndiye niliyelileta nyumbani neno lile.
Akiuliza, "Umesemaje?" narudia.
Ya pili napaza.
Ya tatu, mikono ina unga, mtoto analia,
nasema: "Si kitu, baba."

Si kitu: bei ya gunia imeshuka.
Si kitu: Nyemo kajifungua, wa kike.
Si kitu: mvua imenyesha Pandambili, huku bado.
Si kitu: Mzee Malogo, yule wa mizani, rafiki yako,
amefariki, tunazika kesho saa nane.

Sikio halilali na njaa, wanasema.
La baba lililala na njaa miaka tisa
mezani petu, tukila.

Akaacha mnada. Akaacha ibada,
eti mchungaji siku hizi anatafuna maneno.
Redio akampa jirani.
Asubuhi kivuli cha magharibi, jioni cha mashariki,
safari yake ikawa kuizunguka nyumba.
Tukasema uzee umempa utulivu.
Tukaushukuru, hata.

Mpaka siku alipokwenda sokoni na ufunguo wa kabati
kufungua kibanda alichokwisha kukiuza.
Sasa ni duka la simu. Alimshika kijana shati:
"Mkanda wangu umeupeleka wapi?"

Daktari wa masikio, huko Dodoma mjini,
binti mdogo kuliko mimi, alisema polepole:
akili inayobahatisha kila neno huchoka,
kama ng'ombe mmoja katika nira ya wawili.
Na mtu asiyesemeshwa, nayo hupungua.
Nikamuuliza, "Kwa hiyo masikio ndiyo yaliyomla?"
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Mara nyingi hutembea pamoja.
Kwa baba yako, sijui nani alimshika mwenzake mkono.
Nyumba ikikaa kimya, unajuaje
kama mwenyewe alihama
au wageni ndio walioacha kupiga hodi?"

Tuliuza ndama. Kifaa chenyewe ni kama punje ya haragwe.
Jana nilimvalisha sikio la kulia, akashtuka:
"Nini hicho?"
Kandambili zangu, baba.
"Na hicho?"
Kuku anaparua.
Akanyamaza, kidole juu.
Mbali, upande wa soko, mtu alikuwa anasaga.
"Mkanda umelegea," akasema. "Wataukata."

Ulikuwa umelegea. Hata mimi nilisikia.

Kisha akanitazama kwa adabu,
ile adabu anayopewa mteja mgeni.
"Na wewe ni wa nani?"
Mimi Mwaja.
"Nani?"
Mwaja, baba.
"Nani?"

Jikoni mlenda unafurika, nausikia ukizima moto.
Nimevuta tofali, nimekaa upande wa kulia.

Mwaja.