Kitenzi cha Herufi Tano

Bi Mwanahawa Sekiboko amekuja na barua
kaifunga pembeni mwa khanga, mafundo mawili,
kama mtu afichaye nauli.
Mstari wa tatu, akasema, hapo palipokolea wino.
Mengine nimeyaelewa: tarehe, jina langu lililokosewa,
namba ya nyumba, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Hilo moja nisomee.

Kazi yangu taipu, kibarazani, mkabala na mahakama,
juu ya meza ya cherehani isiyo na cherehani.
Ukurasa elfu moja. Kusoma, bure.
Kamusi haina jalada, na panya wamekula kuanzia W.
Nikalitafuta. Herufi tano, lipo.

Kwanza nikampa kuhamisha.
Akakataa: kuhamisha kuna mkokoteni,
kuna mtu wa kushika kabati upande wa pili.
Nikampa kuondoa.
Hilo la vyombo, akasema, la doa kwenye kanzu.
Kufukuza?
La kuku kwenye mtama, na kuku hurudi.
Kutimua lina vumbi, lina kelele;
barua hii imenyamaza, itazame,
hata mkunjo wake umenyooka.

Basi nikamweleza kama nilivyofunzwa kidato cha tatu:
hiki ni kitenzi elekezi, hakisimami bila mtendwa.
Lazima awepo wa kutolewa, na awe ndani.
Aliye njiani hafanyiwi.
Kina mlango tumboni, kina sheria mkononi,
na hupenda kauli ya kutendwa
ili mtendaji asionekane.

Akaikunja barua, akaikunjua.
Miaka thelathini na mmoja, akasema.
Watoto wanne, chumba cha pili kushoto.
Kumbe siku zote nilikuwa mtendwa
nikisubiri kitenzi.

Kisha akauliza:
na sisi, kwetu, neno kama hilo hatuna?

Nikafungua mdomo niseme hatuna.

Makorora, siku shemeji Mwanamkuu alipotoka eda.
Ubani bado unanuka kwenye mapazia,
masufuria ya jirani hayajarudishwa.
Tulikuwa wanaume sita ukumbini, vikombe vya kahawa mkononi,
kila mmoja akitazama kikombe cha mwenzake.
Aliyesema ni mimi. Sauti yangu ilikuwa ya asali:
Shemeji, umechoka. Sasa kapumzike kwenu.

Hatukupiga chapa. Hatukugonga muhuri.
Siku thelathini hatukumpa, wala tatu.
Alikunja mkeka kwa upole uleule tuliomsemea,
akatuomba radhi, mmoja mmoja, sisi,
akapanda basi la Lushoto
kichwa cha cherehani mapajani kama mtoto mgonjwa.
Meza haikuingia. Tukasema
tutaituma.

Lipo, nikamwambia Bi Mwanahawa.
Lipi?
Kapumzike.
Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji ya noti nyingine.
Mimi sijachoka, akasema.

Tukaandika jibu. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili,
na jina lake tukalinyoosha.
Elfu yake nikaikataa; akaisukuma chini ya taipu,
akashuka barazani, khanga bila fundo.

Wa pili kwenye foleni akavuta kiti.
Mguu wangu, bila kutumwa, ukakanyaga pedali.
Chini ya meza gurudumu likazunguka,
halina mkanda, halishoni kitu,
likazunguka.