Sitoki

Maneno yangu ni mawili tu: Sitoki hapa.
Mwinyifaki ana kurasa nne na barua ya korti,
Nyevu analia mara mbili na kuzimia mara moja,
mimi nimepewa mzee anayevunjiwa nyumba Kisauni,
maneno mawili, na kiti cha kukalia.

Siku ya kumi na moja leo nasema Sitoki
na sauti yenyewe haitoki.
Inafika kooni, inavua viatu, inarudi.

Mwalimu Kadzo hanifokei.
Ananizunguka kama fundi aliyeona ufa ukutani,
ananibonyeza chini ya mbavu kwa vidole viwili:
"Huku kumefungwa. Nani ana ufunguo?"
Magoti nimeyakaza kama askari wa gwaride,
mabega yamepanda hadi masikioni kuuliza habari.
"Mdomo wako umeshafika Kisauni," asema,
"miguu bado iko Likoni, kwenye foleni ya feri."

Tukalala juu ya saruji ya ukumbi, Tononoka,
migongo tisa, tukipumua hadi nyonga zikazama.
Tukatambaa na a. Tukabiringika na u.
Nilikuja kuigiza, si kufagia sakafu kwa shati,
nikamwambia hivyo.
Akanijibu, "Vaa viatu."

Nje, jua la saa nane, Tsuma na mkokoteni wake,
mitungi ishirini ya maji ya chumvi, kwenda Majengo.
Mwalimu akampa yeye shilingi mia,
akanipa mimi mpini wa kushoto.
"Sukuma. Usiigize."

Penye kimwinuko nikajua kisigino nacho kina maoni,
na tumbo hushika kabla ya mkono.
Tsuma akanguruma, "Simile!"
Sikuona ilikoanzia, maana mdomo ulifunguka mwisho,
baada ya wayo, baada ya goti, baada ya kiuno,
neno na msukumo vikatoka pamoja
kama pacha wasiongojana.
Mama wa bajia akavuta karai.
Mwenye pikipiki akasogea. Paka akasogea.

"Simile," nikasema nami, kwa adabu.
Hakusogea mtu.
Tsuma akacheka: "Wakusikia waja, wakitazama hujafika."

Mara ya saba, au ya nane, shimo likameza gurudumu,
mtungi mmoja ukaniegemea shingoni,
na kitu kikapanda kutoka unyayoni bila hodi,
simile mbovu, ya kukwaruza, ya mtu asiyesomea,
na bwana wa duka la vitenge
akaivutia baiskeli yake ndani.

Tuliporudi ukumbini nilikuwa na malengelenge na kiburi.
Nikaketi kitini. Nikalisema vizuri mno.
Mwalimu akapiga mwayo.

Saa kumi na mbili. Mzee Chivatsi akaja na funguo zake,
amechoka, anawahi gari la Mtwapa:
"Haya jamani, tokeni, nafunga."

Mimi nami nilikuwa nafunga, kamba ya kiatu.
Sijui nini kilipita. Uzito ukashuka visiginoni,
nyonga zikaketi ingawa sikuwa kitini,
mbavu zikafunguka kama milango ya duka asubuhi,
nikainuka pamoja na neno,
sikulitangulia, halikunitangulia:

Sitoki hapa.

Funguo zikanyamaza.
Chivatsi akautazama mlango, akanitazama mimi,
akavua kofia.
"Basi, mzee wangu," akasema, "tuzungumze."
Yeye, mwenye umri wa kumzaa baba yangu.

Nyevu alicheka hadi akashika ukuta.
Mwalimu Kadzo hakupiga makofi,
alikuwa anakunja mkeka.
"Kesho saa kumi. Na uje na miguu hiyo hiyo."

Nikatoka.
Ukumbi unalipiwa kwa saa.