Pima Maji

Miaka mitatu nimeitumia simu hii kwa mambo manne:
kupiga, kupokea, kutuma hela,
na tochi, umeme unapokatika Majengo
nami nina msumeno mkononi.
Nilinunua ng'ombe, nikawa nakamua chuchu moja.

Kundaeli, fundi simu wa pale karibu na stendi,
alikuwa ananibadilishia kioo, akanicheka:
"Mzee Aikaeli, humu mna pima maji."
Nikadhani dhihaka. Ya kwangu ilianguka Novemba, ikavuja;
na ya kuazima kwa Mushi hairudi bila maneno.
Akailaza simu juu ya kaunta.
Kiputo kikatetemeka, kikakimbilia kushoto.
"Kaunta yako imelala," nikasema.
"Najua," akasema. "Tangu nipangishwe."

Tukachimba. Fungua Mipangilio, shuka, shuka tena,
pita pale ambapo kila mtu huishia.
Gusa mara tatu: herufi za kopo la vanishi
zinanenepa kama za bango la mkutano wa injili.
Bonyeza hapa: simu ikilia, taa inapepesa.

Hapo nikanyamaza.
Nilimkumbuka Ndealilia, ambaye simu yake
hulia jikoni mpaka ichoke.
Sikio la kulia liliondoka kwanza, la kushoto likafuata,
kama mtu anayemsindikiza mwenzake, asirudi.

"Na hii," akasema Kundaeli, "inaandika unachosema."

Nyumbani, Njoro, nikaiweka mezani
kati ya sahani ya kiburu na birika.
Nikasema: Mke wangu, habari za tangu asubuhi.
Maneno yakajitokeza, meusi, yakifuatana kama siafu.
Akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena.
Akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tumzike mama yake.
Simu haijui Kichagga:
nikisema mbege, inaandika mbegu;
nikimwita Ndealilia, inaandika ndege alilia.
"Ndege huyo ndiye mimi?" akauliza.
Tukaongea mpaka chai ikapoa:
bei ya mbao, paa la shemeji, mtoto wa Anaeli na mitihani yake.

Kosa langu, sikuizima.
Nina tabia, mwaka wa pili huu,
ya kusema chini chini nikiwa nimempa mgongo:
chumvi imezidi, leo tena,
huyu mama siku hizi hata mkono wake umekuwa kiziwi.
Nilisema hivyo nikinawa.
Nilipogeuka, miwani ilikuwa imeinamia kioo,
na simu, mtumishi mwaminifu asiye na adabu,
ilikuwa imeandika yote. Na nukta imeweka.

Hakugomba. Angegomba ningepona.
Alisogeza kidole, akarudi juu,
akasoma toka mwanzo kama anayekagua risiti.
Kisha, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia:
"Ile ya kupima iko wapi?"

Nikamfungulia.
Akailaza juu ya meza hiyo hiyo,
meza ya mvule niliyoiunda mwaka tuliooana,
ninayowaitia wateja waje waione.
Kiputo kikaondoka katikati.
Nyuzi mbili.
Nikainama. Chini ya mguu wa nyuma palikuwa na kadibodi
iliyokunjwa mara nne, imechakaa,
imewekewa nyingine juu, nayo imechakaa.
Na bado, nyuzi mbili.

"Miaka kumi na tisa nakwambia inaegemea," akasema.
"Na masikio ulikuwa nayo."

Usiku ule umeme ulikatika.
Nikaipindua meza, nikaifupisha miguu mitatu
iufuate ule mmoja mfupi.
Yeye alishika tochi.
Kila nilipokata kidogo tuliisimamisha, tukailaza simu,
tukasubiri, vichwa vimekaribiana,
kiputo kiamue.