Jicho la Hayakuhusu

Wiki ya saba, na jicho ni lile lile.

Mbwa wangu anaitwa Hayakuhusu.
Nilimpa jina mwaka ule majirani walipouliza
kwa nini nimerudi Kongwa na begi moja.

Ilianza na kapi la uwele, siku ya kupepeta.
Upepo wa Julai hauombi njia.
Akafumba, akatoa machozi upande mmoja,
nikasema kesho litafunguka.
Kesho zimefika arobaini na tisa.

Dokta Ndahani wa mifugo alikuja na pikipiki,
vumbi hadi kwenye kope,
akadondosha rangi, akawasha tochi ya bluu:
kijani ikang'aa katikati ya jicho,
kidimbwi kilichokataa kukauka.
"Ngozi mpya inaota," akasema, "ila haishiki.
Imekaa juu juu, kingo zimeinuka.
Umewahi kukandika tembe?"

Nimewahi.
Udongo mbichi juu ya ukuta laini
hukauka, hupasuka, kisha huanguka wote pamoja
usiku, kwa kishindo cha mtu anayeketi.
Fundi anayejua hukwaruza kwanza.

Mama ndiye alishika kichwa.
La kushoto vikope vililichukua zamani,
la kulia linatenga mchana na usiku tu.
"Nipeni mimi," alisema. "Mimi sitatazama."

Matone ya ganzi. Pamba kavu kwenye kijiti.
Dokta akazungusha, akazungusha,
na kila kilichokuwa hakijashika kikatoka,
kingi kuliko kidonda tulichokijua.
Kisha ncha ya sindano: mistari, na mistari ya kuikatiza,
nyepesi, kama mtoto anayechora wavu vumbini.
Niligeuza uso.
Mama alikuwa anamwimbia mbwa kwa Kigogo
maneno ambayo mimi hajawahi kuniimbia.

Ndoo ya rangi ya ukuta, tumeitoboa kitako,
ndiyo kola yake.
Anagonga milango, masufuria, magoti ya wageni.
Matone saa kumi na mbili, saa sita,
saa kumi na mbili, saa sita,
na hiyo ya mwisho, ya gizani, ni yangu.

Chedego akachungulia juu ya ua:
"Elfu kumi na nane? Kwa jicho la mbwa?"
Nikamjibu kwa kumwita mbwa jina lake.

Leo rangi imetiririka yote, haikukaa popote.
Dokta akazima tochi, akaandika kwenye kadi: limeshika.
"Kimebaki nini?" mama akauliza.
Kovu, nikamwambia. Dogo.
Kama wingu la Oktoba, lile lisilonyesha.

Akapapasa ndoo, akaupata ukingo,
akaivua polepole kama anayevua kofia ya mgonjwa.
Hayakuhusu akajikung'uta, masikio yakapiga makofi,
akazunguka uwanja mara moja,
akaenda kulala palepale penye makapi.