Saba Mara Nane

Kabla ya masika, Nyamvula
alilitiririsha jedwali la saba kwa pumzi moja.

Leo kasimama ubaoni, hapa Mtongwe,
sweta kaifunga hadi kooni, na jua hili!
Chaki imemganda mkononi.
Jibu analiona, nadhani,
ila liko ng'ambo, na feri haijaja.

Homa ya tatu hii tangu Machi.
Kidudu chenyewe kama nukta ya desimali:
kikikaa pasipo pake
hesabu nzima huharibika.

Muhula uliopita, kwa wino mwekundu,
niliandika kwenye ripoti yake: Mzembe.
Mamake akatia sahihi.
Sahihi haikuwa.
Nani aliniambia usiku wao
wanalala wanne chini ya chandarua kimoja,
mguu wa nani unabaki nje?
Sikuuliza.

Kipindi cha Kiswahili. Nataka kinyume cha anika.
Mikono kumi juu, kisha wa kumi na moja,
polepole, kama ndoo inayopandishwa kisimani.

"Hamsini na sita, mwalimu."

Darasa linaangua kicheko.
Nageuka, naandika 56 chini ya anua,
na chaki inanikatikia.