Gramu Mbili Kasorobo

Katoni ya sabuni ilikaa chini ya kitanda changu, Buruburu,
miaka ishirini na minane. Nilideki kuizunguka
kama unavyompita mgeni aliyelala.
Ndani, santuri arubaini na moja, zimesimama wima,
maana baba alinionya: santuri hailazwi,
ikilazwa hupinda kama chapati iliyosahauliwa juani.

Kinanda chenyewe nilikiuza, mwaka wa karo.
Nanjala alikuwa anaingia kidato cha kwanza
na shule ilitaka godoro, sanduku, jembe,
viatu jozi mbili. Mnunuzi alikibeba begani,
waya ukiburuta kwenye ngazi.
Sikulia. Nilihesabu pesa mara mbili.

Sasa Posta wamenipa kiinua mgongo
na kila mtu ana neno:
nunua ng'ombe, nunua ploti Joska, weka kwenye chama.
Nikaenda Luthuli.

Kijana Otwoma, shati limepigwa pasi kwa hasira,
akanifungulia kisanduku cha waridi
kama begi la mtoto wa chekechea, spika mle mle ndani.
"Mama, hiki kinaongea na simu."
Nikamwambia simu ninayo, na huongea na simu wenzake.
Nikagusa ule mkono wa sindano: plastiki,
unacheza kama jino la darasa la kwanza.
Akaleta cha pili, cheusi, sahani yake ya kioo,
bei yake ndiye yule ng'ombe.

Nilikuwa na santuri moja kiondoni, ya kupimia.
Akaiweka. Ikaimba, safi, kama maji ya chupa.
Ikakaribia pale (nilishika meza)
ikapita.
"Umeona? Haikuruka hata kidogo."
Nikasema nimeona.
Nikairudisha kiondoni.

Pale pana mkwaruzo.
Krismasi ya themanini na nne, kaka yangu Makokha,
akicheza na soksi kwenye sakafu ya nta,
aliteleza, akadaka meza, sindano ikalima.
Tangu usiku huo mwimbaji akifika kwenye "subiri"
husema subi, subi, subi,
mpaka mtu ainuke amsukume kwa kidole,
na aliyeinuka alikuwa Makokha, kila mara,
akimwomba mwimbaji radhi kwa heshima zote.
Mwaka juzi tulimzika Bungoma. Matope mpaka magotini.

Ngara, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifungo,
fundi Ndambuki ana vinanda sita,
vyote vimezaliwa kabla yake.
Nikachagua kizito, cha mbao, mfuniko una ufa,
mkanda mpya, kitufe cha arubaini na tano kinakwama.
Tukajaribu. Nacho kikapita pale bila kujikwaa.

Fundi, punguza uzito wa mkono.
"Gramu mbili ndiyo sawa, mama."
Punguza.
Akanitazama. "Watu hunilipa niondoe kuruka.
Wewe unanilipa nikurudishie?"
Ndiyo.
Akazungusha kile kijiwe cha nyuma, polepole,
kama mtu anayetafuta stesheni usiku.
Mbili kasoro kidogo. Bado.
Mbili kasorobo.

Subi, subi, subi.

Ndambuki akanyoosha kidole. Nikamshika kifundo:
acha kwanza.
Chini, muuza vifungo alikuwa akigombana na mtu
juu ya shilingi ishirini.
Subi, subi.
Kisha nikainuka mimi, nikagusa, nikasema samahani,
na fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Amplifaya imebaki kwake, inangoja kapasita.
Kwa hiyo leo kinanda kiko mezani peke yake,
kinazunguka bila spika, kinanifaa hivyo hivyo:
ukiinamisha sikio karibu kabisa
sindano yenyewe huimba, nyembamba,
kama mbu nyuma ya pazia.

Nanjala anapiga kutoka Doha.
"Mama, mbona unanong'ona? Kuna nani hapo?"
Namwambia nipigie baadaye.
Upande wa kwanza haujaisha.