Daftari Jekundu

Nilipewa wiki tatu na ufunguo mmoja
niifunge ofisi ya Isbister na Wanawe, bandarini Stromness:
miaka mia na arobaini na sita ya moshi
ndani ya makasha ya kadibodi.

Meli yao ya kwanza ilikuwa na magurudumu ubavuni,
kama kinu cha maji kilichotoroka mtoni.
Ilibeba barua, chumvi, mhubiri mmoja mgonjwa,
na kondoo, kondoo, kondoo.
Watu wa visiwani wakaibandika jina: Birika.
Ikipiga honi maziwa yanaganda, walilalama,
na bado walipanga foleni ya tikiti.

Kisha zikaja za chuma. Kisha vita;
serikali ikaazima tano, ikarudisha mbili
na barua ya shukrani.
Kisha vita vingine. Kisha dizeli,
na neno Mvuke likabaki kwenye jina la kampuni
kama pete kidoleni mwa mjane.

Siku ya tisa nikafungua daftari jekundu.
Mwandiko mzuri, wa mtu aliyekula akashiba:
*Januari. Ragna imezama, kaskazini ya kisiwa cha Hoy.
Kondoo mia na kumi na wawili: wamefidiwa.
Mapipa tisa ya siagi: yamefidiwa.
Mchochea makaa, Tammas Linklater:
mshahara umekatwa tangu saa nane na robo usiku,
meli ilipozama.*

Na robo.
Nani alikuwa akitazama saa?
Nani, maji yakimfika kidevuni,
alikumbuka kumtunzia tajiri dakika zake?

Jina hilo nalijua. Davina Linklater
hunikata nywele kila mwezi,
huniuliza hali ya mgongo wangu,
na bakshishi hataki.

Waraka wa wakurugenzi ulisema: picha ziende makumbusho,
kengele ya shaba kwa mwenyekiti,
mengine motoni.

Nikapiga hesabu kwa penseli, nyuma ya bahasha.
Siku nne za safari alizokatwa Tammas:
hazifiki bei ya kunyolewa.

Ijumaa nikaenda, nikaketi, akakata.
Nikaweka noti mbili chini ya kitana.
"Umezidisha," akasema.
"Hesabu vizuri," nikasema,
nikalibana koti,
daftari kwapani,
likinuka chumvi, au labda ni mimi.